KILA KUVU NA MTI WAKE

Yako maneno mawili ambayo mtu huyasikia mara kwa mara afikapo katika vijiji vya Kagera au vya Kilimanjaro akauliza habari za shamba: "Kahawa imeugua." Asemaye hivyo hasemi uongo. Lakini twathubutu kusema kwamba katika maneno hayo mawili ndimo huanzia sehemu kubwa ya hasara ya wakulima wetu. Mtu akisema kahawa imeugua, asitaje ni kahawa gani wala ni ugonjwa upi, atauziwa dawa yo yote iliyoko dukani, ataimwaga shambani kwa imani, na msimu ujao atasimama pale pale akiyasema maneno yale yale mawili.

Huenda mfanyakazi wa kiwandani au kuli wa bandarini akauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu sana. Gunia la kahawa analolikoboa, analolipakia katika lori na kulibeba hadi melini ni mshahara wake, na gunia hilo laweza kuzuiwa na kiumbe kisichoonekana kwa macho, hata kabla ua la mbuni halijafunguka. Kwa hiyo twawaomba wafanyakazi wetu wavumilie kidogo tuzungumze juu ya kuvu.

Kuvu si mmea wala si mnyama. Haina ile rangi ya kijani ya kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, na hivyo sharti ile kilichopikwa na mwingine. Nyingi katika hizo ni wafanyakazi wema: huozesha majani makavu na magogo na kuyarudisha udongoni, uyoga tulao ni tunda la kuvu, chachu iumuayo mkate nayo ni jamaa yao. Lakini yako maelfu ya aina yaliyochagua kuishi kwa kunyonya mimea iliyo hai. Ukoo wa kutu peke yake, yaani zile ziachazo unga wa manjano au wa rangi ya matofali juu ya majani, una aina zaidi ya 7,000 zilizokwisha kupewa majina. Warumi wa kale waliiogopa kutu ya ngano hata wakaifanya mungu, wakampa siku yake, tarehe 25 Aprili, na siku hiyo wakamchinjia mbwa. Tusiwacheke upesi. Mtu amwagaye dawa asiyoijua kwa ugonjwa asioujua naye atoa sadaka, ila yeye hulipa kwa fedha taslimu.

Ajabu ya kuvu hizi za kunyonya ni kwamba zilizo nyingi zina uchaguzi mkali kupita mgonjwa aliyekatazwa chumvi. Kutu ya kahawa haili mahindi. Kutu ya mahindi haigusi maharage. Mwaka 1894 mtaalamu mmoja wa Sweden, Jakob Eriksson, alionyesha jambo lililo la ajabu zaidi. Kutu ya shina ambayo huonekana katika ngano, katika oti na katika nafaka iitwayo rai, kwa sura ilikuwa moja, na vitabu viliipa jina moja. Yeye akaichukua ile ya ngano akaitia katika oti, ikakataa kuota. Akaichukua ile ya oti akaitia katika ngano, nayo ikakataa. Sura ni moja, lakini kila moja ina nyumba yake. Watu waliokuja baada yake waligundua kwamba hata ile ya ngano imegawanyika tena katika koo nyingi, huu ukiiweza ngano ya mbegu hii na kushindwa na ngano ya mbegu ile.

Sababu yake ni kwamba mmea si kiumbe mnyonge kama tudhanivyo. Una ngozi, una sumu, na una walinzi. Mgeni akitambuliwa, chembe za jani zilizo karibu naye hujiua zenyewe ili akose cha kula, naye hufa kwa njaa mlangoni. Kuvu nayo hujitahidi kuingia bila kutambuliwa. Mmarekani H. H. Flor, aliyefanya kazi huko North Dakota juu ya kutu ya kitani katika miaka ya 1940 na 1950, alionyesha kwamba kwa kila jeni ya kinga iliyomo katika mmea, iko jeni katika kuvu inayolingana nayo, mfano wa kufuli na ufunguo. Basi kuvu iliyokaa vizazi maelfu juu ya mti mmoja hujichongea funguo za mti huo, na funguo hizo hazifungui mlango wa jirani. Wakati ukipita, ile iliyokaa kwa mti huu na dada yake aliyehamia mti ule hawajuani tena. Zimekuwa aina mbili.

Ndiyo maana hesabu ya kuvu duniani imewashinda watu. Mwaka 1991 Mwingereza David Hawksworth alitazama nchi yake, ambako mimea na kuvu vimechunguzwa muda mrefu, akakuta kwamba kwa kila aina moja ya mmea ziko kama aina sita za kuvu. Kwa kipimo hicho alikadiria kwamba duniani ziko aina milioni moja na nusu. Mwaka 2017 yeye na mwenzake walipandisha kadirio hilo hadi kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Zilizopewa majina hazizidi sana laki moja na nusu. Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Kitabu kikubwa cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kina aina zaidi ya 12,000. Zidisha kwa sita, utapata 72,000. Hatusemi kwamba hesabu hii ni kweli; kipimo cha Uingereza huenda kisifae hapa, na kuvu nyingine hula miti kumi bila haya. Twasema tu kwamba kitabu cha namna ile kwa kuvu zetu hakijapata kuandikwa, na kila mwaka twapambana na adui ambaye majeshi yake hatujayahesabu.

Tuje sasa kwa kahawa yetu. Yatupasa kwanza kukumbuka kwamba kahawa tunayolima ni miti miwili, wala si mmoja. Iko arabika, iliyoletwa na wamisionari na kuenea Kilimanjaro, Arusha, Mbeya na Ruvuma. Na iko robusta, ambayo Wahaya wa Kagera walikuwa nayo zamani kabla Mzungu hajafika, wakiichemsha na kuitafuna, na kumkaribisha mgeni kwayo. Ndugu hawa wawili wana adui mbalimbali. Kutu ya majani huipiga arabika, na robusta kwa kawaida huistahimili. Chulebuni, ugonjwa uozeshao buni changa zingali za kijani, ni wa arabika. Uliandikwa mara ya kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922, na hadi leo haujatoka Afrika. Kuvu yake inafanana mno na jamaa zake ambazo huishi juu ya mibuni bila madhara makubwa, na watu walizichanganya muda mrefu. Ni mwaka 1993 tu ilipopewa jina lake yenyewe, Colletotrichum kahawae, jina ambalo msomaji wetu atalitambua mwisho wake bila mkalimani.

Nguvu ya kuvu yenye mti wake ni pale ambapo mwanadamu ameupanda mti huo peke yake, safu kwa safu, kilima kwa kilima. Kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, kilikuwa miongoni mwa wakuzaji wakubwa wa kahawa duniani. Mwaka 1869 kutu ya majani ikaonekana huko. Serikali ya Waingereza ilimpeleka kijana mmoja mtaalamu, Harry Marshall Ward, mwaka 1880. Akathibitisha kwamba mharibifu ni kuvu, akaonyesha jinsi inavyoingia kwa matundu madogo yaliyo chini ya jani, na akawaambia wenye mashamba jambo wasilopenda kulisikia: kwamba wao wenyewe, kwa kupanda arabika tupu bila mti mwingine wa kuzuia upepo, wameiandalia kuvu karamu. Maneno yake yalikuwa kweli lakini yalikuja baada ya wakati. Miaka michache baadaye mashamba yale yaligeuzwa kuwa ya chai. Katika kisiwa cha Java wenzao waliikimbilia robusta, kwa sababu kutu haikuiweza, na ndivyo robusta ilivyopata kuitwa mwokozi.

Lakini mwokozi naye alikuwa na kuvu yake. Hapa ndipo tutakapo wasomaji wa Kagera wasikilize kwa makini, maana ni habari yao.

Mnamo mwaka 1927, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, mibuni ya aina ya tatu iitwayo excelsa ilianza kunyauka na kufa imesimama. Katika miaka ya 1940 na 1950 ugonjwa huo, ambao sisi twauita mnyauko fuzari, ulienea Afrika ya Kati na Magharibi ukateketeza mashamba mengi. Watu waling'oa, wakachoma, wakapanda upya robusta zenye kinga, na ugonjwa ukatulia hata wakadhani umekwisha. Haukwisha. Katika miaka ya 1970 ulizuka tena Kongo, na safari hii ulikuwa umejifunza robusta. Mwaka 1993 ulionekana Uganda. Mwaka 1997 ukaonekana Kagera. Uganda ilikadiriwa kwamba kufikia mwaka 2002 ilikuwa imepoteza zaidi ya mibuni minne katika kila kumi ya robusta. Wakati huo huo huko Ethiopia, nyumba ya arabika, mnyauko ulikuwa ukijulikana tangu miaka ya 1950, ukiua arabika. Wataalamu walipoziweka kuvu hizo mbili kwenye mizani, ikawa kama alivyoona Eriksson katika oti na ngano: ile ya Ethiopia huua arabika na kuiacha robusta, na ile ya Kongo, Uganda na Kagera huua robusta na kuiacha arabika.

Je, mkulima wa Kilimanjaro alale usingizi kwa kuwa mnyauko wa Kagera si wake? La hasha. Ulio wake uko Ethiopia, na Ethiopia si mbali kwa mtu mwenye lori na miche michache iliyofichwa chini ya turubai.

Uko ushahidi mpya unaoongeza uzito wa jambo hili. Mwaka 2024 wachunguzi waliokuwa Uingereza walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya kuvu za mnyauko zilizotunzwa kwa baridi kali tangu enzi za ule mlipuko wa kwanza. Walizifufua, wakazisoma jeni zake, wakazilinganisha na zile za miaka ya karibuni. Wakakuta kwamba kuvu za arabika na za robusta zina vipande vya jeni ambavyo yaelekea vilitoka kwa kuvu nyingine ya ukoo wa fuzari, ile ambayo kati ya jamaa zake wamo wanaonyausha migomba. Kwa maneno mengine, kuvu mbili zikikaa jirani zaweza kuazimana funguo. Kila mtu aliyewahi kuingia katika kibanja cha Mhaya ajua kwamba mgomba na mbuni hukaa chini ya kivuli kimoja. Hatusemi migomba ing'olewe. Kibanja ni chakula, na busara ya wazee waliokipanga ni kubwa kuliko yetu. Twasema kwamba jambo hili lastahili kuchunguzwa Kagera yenyewe, na watu wa Kagera waambiwe matokeo kwa lugha wanayoielewa.

Tuseme kidogo juu ya dawa, maana hapo sisi wenyewe ni mashahidi. Tulipokuwa wanafunzi katika shule moja ya misheni, kulikuwa na shamba la kahawa la shule, na mibuni kadhaa ilianza kugeuka manjano upande mmoja, ikapukutisha majani, ikafa. Mwalimu wa zamu alitutuma na bomba la mgongoni kuinyunyizia mrututu. Tulinyunyiza Jumamosi baada ya Jumamosi, mikono yetu ikawa buluu, na mibuni ikaendelea kufa kwa utaratibu ule ule. Mrututu ni dawa njema ya kutu na chulebuni, kwa kuwa kuvu hizo hushambulia jani na tunda kutoka nje. Mnyauko huingia kwa jeraha la panga au la jembe, ukakaa ndani ya mishipa ya maji, ukaiziba. Ukikwangua gome la mti kama huo chini ya shina utaona michirizi myeusi yenye rangi ya buluu. Hapo dawa ya kunyunyiza haifiki. Hakuna aliyetuambia tukwangue gome. Lililo baya zaidi ni kwamba miti iliyokufa tuliikata, tukaibeba begani hadi jikoni kuwa kuni, tukipita katikati ya mibuni iliyo mizima, na panga tuliyoikatia mfu ndiyo tuliyopogolea walio hai.

Hayo ni makosa ya kutokujua jina la adui. Mti wenye mnyauko hung'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama. Panga husafishwa kwa moto au kwa dawa kabla ya kugusa mti mwingine. Palizi hufanywa pasipo kulijeruhi shina. Mambo haya hayana gharama kubwa. Yanataka mtu wa kuyasema mapema.

Na penye elimu, ushindi umeonekana. Wenzetu wa Uganda, katika kituo chao cha Kituza, hawakukata tamaa kwa kuona robusta zikifa. Robusta haijizalishi peke yake. Kila mche wa mbegu ni mtoto wa wazazi wawili na hutofautiana na ndugu zake. Kwa hiyo walikusanya mibuni mingi, wakaitia ugonjwa kwa makusudi, wakaichagua ile iliyokataa kufa, na wakatoa vikonyo saba vya kwanza, KR 1 hadi KR 7. Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985 kwa ajili ya chulebuni na kutu. Taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, yenye makao yake Lyamungo, nayo imetoa mibuni yenye kinga, ya arabika na ya robusta. Kazi hizi twazisifu bila kusita.

Hata hivyo tuna neno moja la tahadhari, na tunajua kwamba halitawapendeza wote. Tukimpa kila mkulima kikonyo kile kile kimoja, tukamwambia ang'oe vyote vya babu yake, tutakuwa tumeijenga Ceylon mpya kwa mikono yetu. Yaliyoipata ngano ni ushuhuda. Kwa miaka mingi mbegu nyingi za ngano duniani zilitegemea jeni moja ya kinga, Sr31, na watu wakaisahau kutu ya shina. Mwaka 1998, huko Uganda, ikaonekana kutu yenye ufunguo wa kufuli hilo. Ikaitwa Ug99. Ikaingia Kenya na Ethiopia, mwaka 2006 ilikuwa Yemeni, mwaka 2007 Iran. Leo mataifa mengi hupeleka ngano zao Njoro, Kenya, zikajaribiwe mbele ya kutu hiyo. Kufuli moja kwa milango yote ni raha ya mwizi.

Kwa hiyo twataka mambo kadha wa kadha, na twayataka kwa wanaohusika.

Mibuni ya zamani ya Kagera, ile ambayo haina jina katika orodha ya serikali, isidharauliwe. Kila wilaya itenge shamba la kuitunza, na mkulima atakayegundua mti uliobaki hai kati ya mizoga apewe malipo ya kweli, si cheti cha karatasi. Misitu yenye mibuni ya mwitu nayo ilindwe. Mwaka 2019 wachunguzi wa bustani ya Kew walitangaza kwamba katika aina 124 za kahawa za mwitu zijulikanazo duniani, asilimia 60 zimo hatarini kutoweka, na baadhi ya aina hizo humea katika milima yetu ya mashariki.

Bwana shamba apewe hadubini na mafunzo ya kuitumia, na pikipiki yenye mafuta. Twajua kwamba wapo wanaokaa ofisini kwa uvivu, nao hatuwatetei. Lakini yupo pia anayetembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, akiulizwa "kuvu gani hii?" hana cha kutazamia ila macho yake mawili, na kuvu, kama tulivyokwisha kuona, hudanganya macho hata ya maprofesa. Vyama vya ushirika, ambavyo hukata makato katika kila kilo ya mkulima, viseme hadharani ni sehemu gani ya makato hayo inayokwenda katika kazi hii.

Vielelezo vya kuvu zetu vitunzwe hapa nyumbani. Hatuwalaumu Waingereza kwa kutunza. Bila baridi yao ule uchunguzi wa mwaka 2024 usingaliwezekana, na hazina ya Kew ina vielelezo vya kuvu zaidi ya milioni moja. Twauliza tu kwa nini mjukuu wa mkulima wa Kagera atakaye kuuona ugonjwa uliomfilisi babu yake alazimike kuomba viza. Kila kielelezo kinachopelekwa nje, pacha wake abaki nchini.

Na mipaka isimamiwe. Pale Mutukula twataka mkaguzi wa mimea awepo usiku na mchana, na mche wa mbuni usio na cheti, au mzigo wa kuni za mibuni, uchomwe upande ule ule ulikotoka, hata kama aliyeubeba ni shemeji wa mkubwa.